Usimcheke anayekataa dawa

NDUGU msomaji, ikiwa una simu mfukoni basi bila shaka umewahi kuletewa ujumbe unaokuambia kwamba madaktari wanakudanganya. Huenda uliletwa na shangazi yako, na mwenzako wa kazini au na mtu mliyesoma naye shule ya upili. Aghalabu ujumbe huo huanza kwa kudai kuna jambo ambalo wakubwa hawataki ulijue, na humalizika kwa kukuomba uwatumie watu kumi kabla haujafutwa. Katikati mna habari moja ya kutisha: kwamba chanjo fulani inaua uzazi, kwamba virusi fulani havipo, au kwamba kuna taifa, dini au kabila lililokaa chini likapanga kutumaliza.

Sisi madaktari wa kawaida, tunaomtibu kila anayebisha mlango, huziona athari za ujumbe kama huo mapema. Mgonjwa wa shinikizo la damu ameacha tembe zake kwa sababu mtu fulani kwenye video alimwambia kuwa ugonjwa wake ni biashara ya wazungu. Mama amemleta mtoto mwenye ukambi, na ukiifungua kadi ya kliniki unakuta mapengo. Mtu anayeishi na virusi vya ukimwi, aliyekuwa na afya njema mwaka jana, anarudi amekonda. Ukimwuliza dawa zake ziko wapi, anainamisha kichwa.

Watu wengi wakisikia mambo haya hucheka au hutukana. Husema hao ni wajinga, waache wavune walichopanda. Mimi sikubaliani nao. Anayemfuata mpinzani wa kila kitu, hata akaishia kuwachukia binadamu wenzake, aghalabu hafuati kwa sababu ya ujinga. Anafuata kwa sababu amepewa kitu alichokuwa akikihitaji na ambacho hakukipata kwingine. Tusipokijua kitu hicho, hatutaweza kumrudisha.

Rais aliyekesha akisoma

Kisa kinachonifunza zaidi ni cha Afrika Kusini. Mwaka wa 1999 Thabo Mbeki alichukua urais kutoka kwa Nelson Mandela. Hakuwa mtu wa kubezwa. Alikuwa amesomea uchumi katika Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, na kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa vigogo wa chama cha ANC kilichokuwa uhamishoni.

Oktoba mwaka huo alilihutubia baraza la bunge linalowakilisha mikoa ya nchi hiyo. Alisema dawa ya AZT, iliyokuwa ikitumiwa dhidi ya virusi vya ukimwi, ilikuwa na sumu, akawahimiza wajumbe wakajisomee habari zake kwenye intaneti. Wakati huo wengi wetu katika sehemu hizi hatukuwa tumeiona hata kompyuta yenye intaneti. Walioandika kuhusu maisha ya Bw Mbeki wanaeleza kwamba yeye alikuwa akikesha usiku mbele ya mtambo wake, akisoma.

Miongoni mwa aliyoyasoma ni maandishi ya Peter Duesberg, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley. Naye hakuwa mbumbumbu. Alikuwa amejipatia heshima kubwa kwa utafiti wake kuhusu virusi na saratani. Lakini kuanzia mwaka wa 1987 alishikilia kwamba virusi vya HIV havina madhara. Kwa maoni yake, ukimwi wa Marekani na Ulaya ulitokana na mihadarati na mienendo ya wagonjwa wenyewe, na ule wa Afrika ulikuwa ni maradhi ya kale ya umaskini yaliyobandikwa jina jipya.

Mwaka wa 2000 Bw Mbeki aliunda jopo la kumshauri, akawaweka wakanushaji hao meza moja na wanasayansi wengine. Julai mwaka huo, kongamano la kimataifa kuhusu ukimwi lilipokuwa likikaribia kufanyika Durban, wanasayansi na madaktari zaidi ya 5,000 walitia sahihi azimio la kuthibitisha kwamba HIV ndivyo virusi vinavyosababisha ukimwi. Katika ufunguzi wa kongamano hilo mtoto Nkosi Johnson, aliyezaliwa na virusi hivyo, alisimama mbele ya maelfu ya watu akaiomba serikali iwape dawa akina mama waja wazito. Alikuwa na umri wa miaka 11. Alifariki Juni mwaka uliofuata.

Serikali iliendelea kusitasita. Ilibidi shirika la Treatment Action Campaign liende kortini, na Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaiamuru serikali itoe dawa ya nevirapine ili watoto wasiambukizwe wakati wa kuzaliwa. Hata baada ya hapo Waziri wa Afya, Dkt Manto Tshabalala-Msimang, aliendelea kusifu kitunguu saumu, kiazisukari chekundu na ndimu. Katika kongamano la Toronto la mwaka wa 2006, vyakula hivyo viliwekwa kwenye kibanda cha maonyesho cha nchi yake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walifanya hesabu ya hasara hiyo, na mwaka wa 2008 wakaitangaza. Walikadiria kwamba kati ya mwaka wa 2000 na 2005 watu zaidi ya 330,000 walikufa mapema kwa kukosa dawa ambazo zingeweza kutolewa, na watoto wapatao 35,000 walizaliwa na virusi ambavyo wangeweza kuepushwa navyo.

Kidonda kilikuwa cha kweli

Sasa jiulize, msomaji: mtu msomi kama huyo alinaswa vipi?

Kwanza, uongo aliousoma ulikuwa umechanganywa na ukweli. AZT ina madhara. Inaweza kupunguza damu mwilini, na kila daktari anayeitoa analijua hilo na hupima damu ya mgonjwa. Mkanushaji hulichukua jambo hili la kweli, akalikata mkia unaosema kwamba dawa hiyo huokoa maisha, kisha akaliuza kama siri iliyofichwa.

Pili, na hili ndilo kubwa, kulikuwa na kidonda. Serikali ya ubaguzi wa rangi iliwahi kuwa na mpango wa siri ulioitwa Project Coast, wa kutengeneza silaha za kemikali na za vijidudu, na aliyeuongoza alikuwa daktari, Wouter Basson. Mambo hayo yalianikwa hadharani mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano mwaka wa 1998, yaani mwaka mmoja tu kabla ya hotuba ya Bw Mbeki. Isitoshe, kwa miaka mingi watu wa nje walikuwa wamezungumza juu ya ukimwi wa Afrika kana kwamba Mwafrika ni mnyama asiyeweza kuzuia tamaa zake. Bw Mbeki alilalamikia dharau hiyo waziwazi, na katika hilo hakukosea. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Vidonda vya aina hiyo viko kwingi. Kule Tuskegee, Marekani, maafisa wa afya wa serikali waliwafuatilia wanaume weusi 399 waliokuwa na kaswende kuanzia mwaka wa 1932 hadi 1972 bila kuwatibu, hata baada ya penisilini kupatikana. Mjini Kano, Nigeria, mwaka wa 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto waliokuwa wakiugua homa ya uti wa mgongo, jambo lililozua kesi na uchungu mkubwa. Mwaka wa 2003, viongozi wa eneo hilo waliposema chanjo ya polio ina dawa ya kuwafanya watoto tasa, wazazi waliamini upesi. Chanjo ikasimamishwa Kano kwa miezi kadhaa, na polio ikavuka mipaka hadi nchi zilizokuwa zimeimaliza.

Hapa kwetu tunakumbuka mwaka wa 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki waliposema chanjo ya pepopunda iliyokuwa ikitolewa kwa wanawake ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walisema chanjo hiyo ilikuwa salama. Lakini wanawake wengi walikuwa wakijiuliza swali la haki kabisa: mbona wanachanjwa wanawake wa umri wa kuzaa peke yao? Jibu ni rahisi. Pepopunda huwaua watoto wachanga kupitia kitovu, na mama akichanjwa humkinga mwanawe. Jibu hilo lingetangulia, likatolewa kwa upole mtaani na kijijini, uvumi ungekosa pa kukalia.

Utamu wa kuijua siri

Kidonda peke yake hakitoshi. Mpinzani wa kila kitu hukupa pia vitu vitatu vitamu.

Cha kwanza ni heshima. Mtu aliyekosa kazi, ambaye hakuna anayemwuliza maoni yake nyumbani wala ofisini, siku moja anaambiwa kwamba yeye ni miongoni mwa wachache walioamka huku wengine wote wakiwa kondoo. Hakuna shule inayotoa shahada kwa haraka kiasi hicho. Cha pili ni jamaa. Atapata wenzake wanaomsalimu kila asubuhi kwenye simu na kumsifu kwa ujasiri wake. Cha tatu ni maelezo rahisi. Ugonjwa ni jambo la kutatanisha. Mtoto anaweza kuugua bila kosa la mzazi wala la mtu yeyote, na moyo wa binadamu haulipendi jambo hilo. Afadhali kuwe na adui.

Usidhani elimu ni kinga. Dkt Stephen Karanja, aliyekuwa mwenyekiti wa Chama cha Madaktari Wakatoliki nchini, alipinga hadharani chanjo ya Covid-19 na kuwahimiza watu wajifukize, ingawa maaskofu wa kanisa lake walikuwa wamesema chanjo hiyo inaruhusiwa. Alifariki Aprili 2021 kutokana na maradhi hayo hayo. Simtaji ili kumsimanga marehemu. Namtaja ili sisi wenye vyeti ukutani tusijione tuko juu ya mtego huu.

Wala si kila mpinzani ni mpotoshaji. Mnamo mwaka wa 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa bakteria ili kuwaonyesha wenzake kwamba uvimbe na vidonda vya tumbo vingi huletwa na vijidudu, na si mawazo na pilipili kama ilivyodhaniwa. Wengi walikuwa wakimpuuza. Alipimwa, akaonekana tumbo limevimba, akaendelea kufanya utafiti na mwenzake Robin Warren, na wenzao wakaurudia wakapata matokeo yale yale. Mwaka wa 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Leo nikimpa mgonjwa wa vidonda vya tumbo dawa za kuua bakteria, nafuata njia iliyofunguliwa na mpinzani. Tofauti ni kwamba Marshall alileta ushahidi na kuwaita watu waukague. Hakumtukana anayemwuliza swali.

Shaka ikigeuka chuki

Mkanushaji anaposema ugonjwa haukuletwa na virusi au kwamba dawa ni sumu, huwa amebakisha pengo moja: watu wanaugua na wanakufa, basi ni nani anayewaua? Pengo hilo lazima lijazwe, na karibu kila mara hujazwa na mtu ambaye tayari alikuwa hapendwi.

Ukimwi ulipoanza, Marekani ilitoa orodha ya makundi yaliyosemekana kuwa hatarini zaidi, na raia wa Haiti wakawekwa humo kwa uraia wao tu. Wengi walipoteza kazi na nyumba kabla ya taifa lao kuondolewa kwenye orodha mwaka wa 1985. Upande wa pili, mwaka wa 1983 gazeti moja la India lilichapisha uongo uliopandwa na majasusi wa Urusi ya Kisovieti kwamba Marekani ndiyo iliyotengeneza ukimwi. Uongo huo ulizunguka dunia nzima, na ungali unazunguka kwenye simu zetu.

Covid-19 ilipozuka, Wachina walitemewa mate na kupigwa katika miji ya Ulaya na Marekani. Nchini Uingereza, Aprili 2020, watu waliteketeza minara ya simu wakidai mawimbi ya 5G ndiyo yanayoleta ugonjwa. Mwezi huo huo mjini Guangzhou, Uchina, Waafrika walifukuzwa katika nyumba na hoteli wakishukiwa kuwa na virusi, hadi mabalozi wa nchi za Afrika wakaandika barua ya malalamiko. Tazama, msomaji: ugonjwa ulikuwa mmoja, lakini kila mahali mtu aliyelaumiwa alikuwa mgeni wa mahali hapo. Virusi havikuwa na habari na yeyote kati yao.

Hata nadharia ya Duesberg, iliyovaa joho la sayansi, iliishia hapo. Iliwaambia wagonjwa kwamba ni mienendo yao iliyowaua. Na Bw Mbeki, aliyetaka kuwakinga Waafrika dhidi ya dharau, alifuata njia iliyowaacha maelfu ya Waafrika bila dawa.

Simu hailali

Uvumi si jambo geni. Zamani ulitembea kwa miguu, kutoka kisimani hadi sokoni, na njiani ulikutana na mzee aliyeuliza, "Nani amekwambia?" Leo hakuna mzee njiani. Mitambo inayochagua kipi uonyeshwe kwenye mitandao ya kijamii hufuata kitu kimoja: umekaa ukitazama kwa muda gani. Hasira na woga humkalisha mtu kuliko maelezo ya daktari kuhusu kuosha mikono. Mwaka wa 2018 watafiti wa chuo cha MIT walitangaza matokeo ya uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa kwenye mtandao wa Twitter kati ya mwaka wa 2006 na 2017. Walikuta kwamba uongo ulisafiri mbali na kwa haraka zaidi kuliko ukweli, na walioueneza zaidi ni watu wa kawaida kama mimi na wewe, wala si mitambo.

Tena kuna ujanja mwingine. Mkanushaji akikosolewa, husema, "Mnaona? Wameanza kunipiga vita." Mwaka wa 1998 Andrew Wakefield, daktari wa Uingereza, alichapisha makala kuhusu watoto 12 akihusisha chanjo ya ukambi na tawahudi. Baadaye ilifichuliwa kwamba alikuwa akilipwa na mawakili waliotaka kuwashtaki watengenezaji wa chanjo. Mwaka wa 2010 jarida la Lancet lilifuta makala hayo, naye akapokonywa leseni. Kwa wafuasi wake, adhabu hiyo ilimfanya shujaa.

Tufanye nini?

La kwanza, tusiwacheke. Ukimcheka kijana aliyeamini uvumi, umempeleka mwenyewe kwa wale wasiomcheka. Kaa naye, ikiwezekana faraghani, maana mbele za watu kila mtu hutetea heshima yake. Mwulize anaogopa nini. Sikiliza hadi amalize. Mara nyingi utakuta nyuma ya virusi na minara kuna jambo la nyumbani: mtoto aliyekufa hospitalini bila maelezo, muuguzi aliyemfokea mama mja mzito, bili iliyouza shamba. Likubali lililo kweli ndipo ukatae lililo uongo.

La pili, mpe maswali matatu ya kumpima anayemfuata. Je, mtu huyo amewahi kusema ni ushahidi gani ungemfanya abadilishe msimamo? Je, baada ya kukutisha anakuuzia kitu, iwe ni chupa ya dawa, kitabu au sadaka? Na je, hadithi yake inamalizikia kwa taifa, dini au kabila la kulaumiwa? Ukipata ndiyo kwa hilo la mwisho, funga simu. Hayo si matibabu tena.

La tatu linatuhusu sisi wa afya na serikali. Zahanati yenye foleni ya tangu alfajiri, ambapo mgonjwa anapata dakika chache na karatasi asiyoweza kuisoma, humwandalia mkanushaji wateja. Mtu wa kwenye video ana saa nzima ya kuzungumza naye, tena kwa lugha anayoielewa. Maafisa wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba wapewe majibu kamili kabla ya kampeni ya chanjo kuanza, wasikimbizwe kuzima moto baada ya uvumi kuwaka. Na serikali ikikosea, iseme imekosea. Kosa lililofichwa hujengewa nyumba na uongo.

La mwisho ni lako wewe uliyeacha dawa. Labda ni za virusi vya ukimwi, labda za shinikizo la damu au kisukari. Labda mtoto wako hakumaliza chanjo. Rudi kliniki wiki hii, uende na kadi yako. Ukiwa na maswali yaandike kwenye karatasi, hata yawe ishirini, umwulize daktari au muuguzi moja baada ya jingine. Ni haki yako kujibiwa. Asiyekujibu vizuri, mtafute mwingine wa kukujibu, lakini usiache dawa ukingojea.